Onyo Lililokataza Kuuliza

Kila alasiri, aliporudi kutoka shule, Chiriku alivua sare yake, akaitundika nyuma ya mlango, kisha akachukua ufagio mfupi na kwenda kufagia maranda ya mbao katika karakana ya baba yake. Karakana hiyo ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba. Ndani yake baba, aliyekuwa fundi seremala, alipiga randa tangu asubuhi hadi jua lilipopoa, huku misumari ikiwa imebanwa katikati ya midomo yake, tayari kwa kazi. Chiriku aliyakusanya maranda ndani ya gunia, kwa kuwa jirani mfuga kuku aliyahitaji, na ni baada ya hapo tu aliporuhusiwa kuketi mezani na kufungua madaftari yake.

Jina la Chiriku hakupewa siku aliyozaliwa. Alipewa na mama yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. "Binti huyu," mama alizoea kusema, "akimeza tonge moja hutoa maneno kumi." Jina likamganda. Lakini tangu mama alipofariki, mwaka uliopita, ndege huyo alikuwa amepunguza sauti, na watu walimwita hivyo kwa mazoea tu, kama wanavyoendelea kukiita kijito kwa jina lake hata baada ya maji kukauka.

Mama alikuwa mwalimu. Mbali na kufundisha, alikuwa na kazi nyingine ambayo hakutumwa na mtu: aliwasomea wanafunzi wasioona. Shule yao ilikuwa upande wa pili wa mji, na vitabu vyao vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole, vilikuwa vichache mno. Kwa hiyo mama alisoma vitabu vya masomo kwa sauti, akajirekodi katika kompyuta mpakato yake ya zamani, na kila kitabu kilipokamilika alikipeleka. Alipofika penye picha hakuiruka. Alimwita Chiriku na kumwambia, "Nieleze unachokiona, lakini nieleze kana kwamba nimefumba macho." Chiriku alieleza kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, mama akayachuja, kisha akayasoma.

Wakati wa kurekodi, mama alianika taulo la bluu kwenye kamba ya nguo, mbele ya dirisha. Hiyo ilikuwa amri. Taulo likiwa kambani, baba aliiweka nyundo chini, jirani alipunguza sauti ya redio, na watoto waliokuwa wakicheza mpira walihamia mbali. Siku moja baba alisahau, akagongomea msumari. Katika rekodi ya siku hiyo ulisikika mlio, "Ko!", kisha sauti ya mama: "Baba Chiriku, msumari huo usubiri! Hata mbao zako zinasikiliza!" Halafu kikasikika kicheko chake, na kwa mbali kicheko cha baba. Mama hakuwa na desturi ya kufuta rekodi zilizokosewa. Aliziweka zote katika folda aliyoiita "Za Kurudia".

Alifariki kabla hajazirudia. Uvimbe mdogo ulikuwa umeota shingoni mwake, naye alikuwa akisoma kitabu cha sayansi. "Nikimaliza kitabu hiki nitakwenda hospitali," alisema, na kila baba alipomkumbusha aliongeza, "Zimebaki sura chache tu." Sura hazikwisha. Daktari alipouona uvimbe, alitikisa kichwa na kusema maneno ambayo Chiriku aliyasikia akiwa amesimama nyuma ya mlango: "Mngeuleta mapema tungeukata, na mwili uliobaki ungepona."

Tangu siku hiyo baba aliiwekea nyumba sheria moja: dalili haingojwi. Kiti kikilia, kilipinduliwa na kutiwa gundi kabla chai haijapoa. Bati likidondosha tone, baba alipanda juu ya paa mvua ikiwa bado inanyesha. Siku moja Chiriku alipiga chafya mara mbili, akakokotwa hadi zahanati, mpaka muuguzi akasema, "Mzee, huyu ana vumbi la mbao puani. Mfunge kitambaa akifagia, basi." Chiriku alicheka njia nzima, lakini sheria ile ilikuwa imemwingia kama msumari ndani ya mbao ngumu.

Kitabu cha sayansi kilibaki ndani ya kompyuta, pungufu. Mama hakupenda kupeleka kazi nusu, kwa hiyo hapakuwa na nakala yake mahali pengine popote. Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya wasioona alifika karakanani, akakaa juu ya rundo la mbao, akasema kwa upole, "Fundi, hata nusu yake tutaipokea. Wanafunzi hawana kitabu kingine cha sayansi. Isitoshe, wameizoea sauti ya mkeo. Huniuliza, 'Mwalimu, yule mama harudi?'"

Baba aliitazama nyundo yake. "Baada ya likizo, shule zikifunguliwa, nitakuletea," alisema.

Hakuipeleka mapema kwa sababu moja, na Chiriku aliijua: baba aliogopa kuiachia kompyuta ile hata siku moja. Kila siku ya mapumziko, baba aliponawa mikono na kuvaa shati safi, alikuja mezani na kusema, "Niwekee ile ya msumari." Alisikiliza akiwa amesimama. Ikiisha alisema, "Asante, mwanangu," akatoka.

Wiki chache kabla ya shule kufungwa, Chiriku alipewa kazi ya kuchora moyo wa binadamu. Baada ya kufagia, aliichukua simu ya baba, akaiunganisha na kompyuta ili apate mtandao, akaanza kutafuta mchoro mzuri. Aliupata katika ukurasa mmoja uliojaa matangazo. Alipoubofya ili uwe mkubwa, skrini nzima iligeuka nyekundu na king'ora kikaanza kulia.

"ONYO!" yalisema maandishi, kwa Kiswahili kilichopinda kama ubao ulionyeshewa mvua. "Kompyuta yako ni mgonjwa sana. Virusi wengi wanakula faili zako. Usizime kompyuta. Usifunge ukurasa huu. Usiondoke mbele ya kompyuta. Ukichelewa, faili zote zitakufa." Chini yake nambari zilikuwa zikipungua upesi, na chini ya nambari palikuwa na kitufe cha kijani: "Tibu sasa."

Ng'ambo ya ukuta nyundo ya baba ilikuwa ikigonga, ko, ko, ko. Chiriku angeweza kumwita kwa sauti moja tu. Lakini onyo lilimkataza kuondoka, na king'ora kililia, na nambari zilikimbia, na kichwani mwake daktari alikuwa akisema, "Mngeuleta mapema." Dalili haingojwi. Akakibonyeza kitufe cha kijani.

Kompyuta ikamwuliza kama anairuhusu programu mpya iingie. Akakubali. Ikamwuliza tena. Akakubali tena. Programu ikafunguka, ikajifanya inapekua kila pembe, mwishowe ikaonyesha mistari myekundu: hawa ndio wagonjwa. Miongoni mwao Chiriku aliona folda ya kitabu cha sayansi na folda ya "Za Kurudia". Programu ikaandika: "Futa zilizoambukizwa, uokoe zilizobaki."

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa pia na picha za mama, na vitabu vingine vyote alivyowahi kuvisoma. Akaukumbuka uvimbe. Ukikatwa mapema, mwili uliobaki hupona. Basi akafuta. Programu ikamwambia alimwage na pipa la taka la kompyuta, kwa kuwa virusi hujificha humo. Akalimwaga.

King'ora kikanyamaza. Moyo wake ukatulia kidogo, kama wa mtu aliyetimiza wajibu mgumu. Kisha, katika ukimya ule, aliisikia nyundo ya baba ng'ambo ya ukuta, na hapo ndipo alipoelewa ni kitu gani alichokikata.

Hakumwambia mtu. Kila alasiri baada ya kufagia aliifungua kompyuta kwa siri, akazitafuta folda zile mahali zilipokuwa, kana kwamba zilitoka matembezini na zingerudi. Hazikurudi. Badala yake vilijitokeza vidirisha vya matangazo, kimoja baada ya kingine, na kompyuta ikawa nzito kama mkokoteni uliopakiwa mawe. Siku moja kidirisha kimoja kiliandika, "Rudisha faili zilizopotea." Akakibonyeza kwa matumaini. Programu nyingine ikaingia, matangazo yakaongezeka.

Siku ya mapumziko baba alinawa mikono, akavaa shati safi, akaja mezani. "Niwekee ile ya msumari."

"Chaji imeisha, baba," alisema Chiriku bila kuinua macho.

"Si uichaji?"

"Waya umekatika."

"Ulete niutazame."

"Nimeuacha shuleni. Mwalimu anautengeneza." Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na wa pili ukazaa wa tatu, wote mbele ya baba aliyekuwa amevaa shati safi. Baba aliitikia kwa kichwa, akatoka. Alasiri hiyo hakufanya kazi yoyote. Aliketi tu karakanani akipangusa patasi iliyokuwa safi.

Shuleni, jirani yake wa dawati, msichana waliyemwita Wakili kwa kuwa hakuna ubishi aliowahi kuukimbia, alimtazama kwa siku kadhaa, kisha uvumilivu ukamwishia. "We Chiriku, umemeza ulimi au umeuazimisha?"

"Niache."

"Nikuache kwa sheria ipi? Unakaa hapa kama gogo. Hata jana nilipokuibia kalamu hukupiga kelele. Nimekurudishia mwenyewe, raha yote imeniisha."

Chiriku alicheka kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wakili, kompyuta ikisema inaumwa, inaweza kupona yenyewe?"

"Kompyuta yenu inaumwa? Si uipeleke kwa fundi Bisibisi pale kona? Mambo ya kuficha ya nini? Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humu..." Wakili akakumbuka mama wa Chiriku alivyokufa. Akaziba mdomo kwa mkono. "Samahani, ndugu yangu. Mdomo wangu hauna breki."

"Haidhuru," alisema Chiriku. Lakini methali ile isiyomalizika ilimfuata hadi nyumbani.

Alipofika alimkuta baba akimngoja mezani, na mbele yake kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. "Fungua," alisema baba, na usoni mwake mlikuwa na dalili ya tabasamu, jambo ambalo nyumba ile haikuwa imeliona kwa muda mrefu.

Ndani yake kulikuwa na waya wa kuchajia kompyuta.

"Nilikwenda kwa Bisibisi, nikabadilishana naye," alisema baba. "Nimempa kigoda."

"Kigoda kipi, baba?"

"Kile kirefu cha miguu mitatu."

Chiriku alitazama chini ya dirisha. Mahali alipokuwa akiketi mama wakati wa kurekodi palikuwa patupu. Baba alikuwa amekichonga kigoda hicho walipooana.

Baba aliyafuata macho yake. "Usihuzunike. Kigoda hakisemi, mwanangu. Sauti ndiyo inayosema. Haya, chomeka, tumsikilize."

Chiriku alifungua mdomo akitaka kusema uongo wa nne, na haukutoka. Kilitoka kilio. Akiwa ameushika waya ule mkononi alieleza yote: mchoro wa moyo, skrini nyekundu, king'ora, vitufe, pipa la taka, na uongo kuhusu chaji, waya na mwalimu. "Nilidhani nakata uvimbe, baba," alisema. "Nilidhani namwokoa."

Baba hakupaza sauti. Alisimama, akaenda karakanani, na kwa muda Chiriku aliisikia randa ikipita juu ya ubao, kwa nguvu, tena na tena, ingawa hakuna aliyekuwa ameagiza ubao huo. Kisha randa ikanyamaza. Baba alirudi akiwa na vumbi kwenye nyusi na michirizi miwili mashavuni.

"Vaa viatu," alisema. "Chukua kompyuta. Dalili haingojwi."

Bisibisi alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo aliyechomeka bisibisi kwenye nywele zake kama wengine wanavyochomeka kitana. Kibanda chake kilijaa nyaya, na nyuma ya meza alikuwa ameketi juu ya kigoda cha miguu mitatu. Alipoziona nyuso zao alisema, "Fundi, usiniambie waya umeungua. Kigoda sirudishi, mgongo wangu umeshakipenda." Kisha akaona kwamba hawacheki, akawasikiliza.

"Ilikuwa lini?" aliuliza.

"Zaidi ya wiki moja sasa," alisema Chiriku.

"Na baada ya hapo umekuwa ukiiwasha?"

"Kila siku. Nilikuwa nazitafuta."

Bisibisi aliikata kompyuta kwenye mtandao, akafungua mgongo wake, akatoa diski na kuiunganisha na mashine yake mwenyewe. "Sikiliza, binti. Kufuta si kuchoma moto. Ukifuta faili katika mashine ya zamani kama hii, ni kama umeng'oa kibao kwenye mlango wa chumba. Mtu hajulikani yuko wapi, lakini yumo. Anatoka pale tu mpangaji mwingine anapoingizwa chumbani humo. Sasa zile programu ulizozikubali, na matangazo yake, zimekuwa zikileta wapangaji kila ulipoiwasha. Ngoja tuone nani bado yumo."

Waliketi hadi alasiri ikapita. Majina ya faili yalianza kujitokeza, moja moja. Sura ya mimea. Sura ya maji. Sura ya mifupa. Kila jina lilipotokea Bisibisi aliifungua rekodi kidogo kuhakikisha, na sauti ya mama ikaijaza ile nafasi finyu: "Katika picha hii kuna mti uliong'olewa, na mizizi yake inaonekana..." Baba alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Zilirudi sura nyingi. Mbili za mwisho alizosoma mama hazikurudi. Na katika folda ya "Za Kurudia" hapakurudi hata moja. Bisibisi alijaribu mara ya pili na ya tatu, kisha akaiondoa mikono yake mezani.

"Vyumba vyao vimeshapangishwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe, fundi. Mngekuja siku ile ile ningezirudisha zote."

Chiriku aliyatambua maneno hayo. Yalikuwa yale yale ya daktari, yametoka katika kinywa kingine. Akainamia meza, akafunika uso kwa mikono yake.

"Kwa hiyo virusi walikuwepo kweli?" aliuliza baba.

"Hawakuwepo mpaka alipowafungulia mlango." Bisibisi alimgusa Chiriku begani. "Inuka, binti, nikuulize. Ukipita barabarani ukaona bango limeandikwa, 'Wewe unayepita, una homa kali,' utaamini?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Bango haliwezi kunipima."

"Basi ukurasa wa mtandao ni bango. Haukupima kitu. Unamwambia kila anayepita kwamba anaumwa, ili anunue dawa yake, na dawa ndiyo ugonjwa. Safari nyingine ukiuona, usiguse chochote kilichomo, hata alama ya kufungia, maana hiyo nayo imechorwa na mwongo yule yule. Bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime kabisa. Kisha mwite mtu mzima. Hutakuwa umepoteza kitu."

Aliweka nakala za sura zilizopatikana katika vijiti viwili vya kuhifadhia faili, akasema kimoja kikae nyumbani na kingine mahali pengine kabisa. Walipokuwa wakiondoka alisimama, akakiinua kigoda na kumkabidhi baba. Baba alikataa. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla sijajua alikuwa anakikalia nani," alisema Bisibisi. "Nichongee kingine, hata cha mbao mbovu. Mimi na mgongo wangu tutangoja."

Njiani baba alibeba kigoda, Chiriku akabeba kompyuta. Walipofika mlangoni Chiriku alisimama. "Baba, nipige tu. Afadhali unipige."

Baba alikiweka kigoda chini ya dirisha, mahali pake, kisha akamwita binti yake asogee.

"Sikupigi," alisema. "Kipigo kingekuwa kimekwisha kesho, na hili nataka likae nawe maisha. Umefanya makosa mawili, na sikulaumu sawasawa kwa yote mawili. La kwanza lina mkono wangu. Nilikufundisha kwamba dalili haingojwi, nikaishia hapo. Ilikuwa nusu ya sheria, na nusu ya sheria ni kama ngazi yenye mguu mmoja. Nilikuwa ng'ambo ya ukuta, Chiriku. Ungeniita. Likumbuke hili: onyo la kweli hukuambia kamwite mwenzio. Daktari wa kweli huuliza, 'Umekuja na nani?' Anayekwambia usiondoke, usiulize, fanya sasa hivi, huyo hataki upone. Anataka uwe peke yako."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"La pili ni lako. Ulipojua umekosea, ulificha. Ulipotakiwa kungoja ulikimbia, na ulipotakiwa kukimbia ulingoja. Mama yako naye alificha, kwa nia njema kabisa, akisema sura chache tu. Kosa likitajwa siku lilipotendeka huwa kosa moja. Likifichwa huzaa. Nimepoteza kicheko chake, mwanangu, na sitakudanganya kwamba hilo haliniumi. Lakini ningeweza kuvumilia kukipoteza mapema kuliko kukaa nikidanganywa na mtoto ambaye mama yake alimwita kwa jina la ndege asiyenyamaza." Kisha akaongeza, "Kuanzia leo sheria ya nyumba hii ni hii: dalili haingojwi, wala haibebwi na mtu mmoja."

Shule zilipofunguliwa, walikwenda pamoja kwenye shule ya wasioona, na Chiriku mwenyewe ndiye aliyemweleza mwalimu mkuu yaliyotokea. Baba alitaka kumsaidia maneno, akajizuia. Mwalimu mkuu alizipokea sura zilizosalia kwa mikono miwili. "Na hizi nyingine?" aliuliza. "Kitabu kinaishia wapi?"

"Kinaishia kabla ya sura ya sikio," alisema Chiriku. "Mwalimu, sauti yangu si kama ya mama. Lakini picha zote za kitabu kile mimi ndiye niliyekuwa nikimweleza."

Alasiri iliyofuata, baada ya kufagia maranda, Chiriku alinawa mikono na kukifungua kitabu cha sayansi mezani. Aliiwasha kompyuta iliyokwisha kusafishwa, akaketi kwenye kigoda cha miguu mitatu, na akagundua kwamba miguu yake sasa inafika sakafuni. Alikuwa karibu kuanza aliposikia hatua nje ya dirisha.

Baba alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo. Mikononi alishika taulo la bluu, ambalo halikuwa limetoka kabatini tangu siku ya msiba. Alilikung'uta, akalianika, akalinyoosha pembe zote mbili kwa uangalifu wa fundi. Redio ya jirani ikanyamaza katikati ya wimbo. Mpira uliokuwa ukidunda mtaani ukanyamaza pia.

"Sura ya sikio," alianza Chiriku. Akasubiri, akaanza upya. "Katika picha hii kuna sikio la binadamu. Upande wa nje limekunjwa kama maranda ya mbao, na ndani yake kuna njia nyembamba inayoingia gizani..."

Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Alipoinua macho alimwona baba, kando ya taulo, mlangoni mwa karakana, amesimama wima, misumari ingali katikati ya midomo, nyundo imening'inia mkono mmoja, ubao mkono wa pili. Mbele yake palikuwa na mguu wa meza uliosubiri kugongomewa. Hakuugusa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta, kwa sababu kufuta kungehitaji kuiweka nyundo chini, na nyundo ingetoa mlio.